Aulizwe Nani?

Jarida la utafiti la wanafunzi wa uhandisi lina watu wengi kuliko majina yanayochapishwa ndani yake. Kwetu tulikuwa sita. Watano wanafunzi, na mhadhiri mmoja tuliyemwita mlezi, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kutuzuia tusiwe wakali kupita kiasi. Hakuna aliyelipwa. Ofisi hatukuwa nayo. Tulikuwa na kundi la WhatsApp, kompyuta moja nzima na nyingine ya kubahatisha, na meza ya mwisho ya maktaba, ile iliyo karibu na soketi inayofanya kazi. Mmoja wetu alishika michoro tu. Ukimletea grafu isiyo na vipimo kwenye mihimili yake, anairudisha bila hata salamu. Mwingine alishika marejeleo, na alikuwa na kipaji cha kunusa makala iliyotajwa lakini haikusomwa. Mimi nilipokea miswada, nikafuta majina ya waandishi, nikaituma kwa wahakiki, kisha nikakaa wiki sita nikiwakumbusha kwa ule upole wa mtu anayemdai mkubwa wake deni dogo.

Kazi hii ina sababu yake. Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanafanya miradi: pampu ya maji ya jua, tofali la udongo na chokaa, kifaa cha kupima chumvi kwenye visima. Wanaandika, wanatetea mbele ya jopo, wanafunga kwa jalada gumu lenye maandishi ya dhahabu, na ripoti inaingia kabatini. Mwaka unaofuata mwingine anaanza pampu ile ile mwanzo. Jarida la wanafunzi linaifungua kabati hiyo. Pia linamfundisha kijana jambo ambalo darasani halifundishwi vizuri: kuambiwa umekosea na mtu asiyekujua, asiyekuchukia, na asiyekupa maksi. Si jambo geni duniani. Marekani, wanafunzi wa shahada ya kwanza walianzisha Journal of Young Investigators mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuliendesha wenyewe. Kwetu Tanzania, kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973, na kwa miaka mingi kilikuwa na jarida lililoitwa Uhandisi, jina la Kiswahili juu ya kurasa za Kiingereza. Hilo nalo ni jambo la kufikiria, na nitalirudia.

Katika mwaka wangu wa pili ukaja mswada kuhusu kalafati.

Kwa asiyejua: mbao mbili za jahazi zikikaa ubavu kwa ubavu, hata fundi awe hodari vipi, baina yake hubaki mwanya. Mwanya ule hujazwa pamba iliyolowekwa mafuta ya nazi, ikapigwa kwa patasi butu na nyundo mpaka ikae. Hiyo ndiyo kalafati, na bila hiyo huna chombo, una kitanda. Ukienda Nungwi, kwenye ncha ya kaskazini ya Unguja, asubuhi unaisikia kabla hujaiona, kwa sababu ina mlio wake, mkavu na wa haraka, tofauti na nyundo ya msumari. Ufukwe wa mafundi umebanwa siku hizi. Upande huu hoteli, upande ule hoteli, na watalii wanapita katikati ya mataruma wakipiga picha. Lakini kazi ipo. Mwandishi wa mswada, kijana kutoka bara aliyekuja kusoma visiwani, alikuwa amepima nguvu ya kalafati ya pamba akailinganisha na gundi ya kiwandani inayouzwa kwenye mikebe. Vibao vilivyounganishwa kwa njia mbili, vikavutwa na mashine mpaka vikaachana. Gundi ya kiwandani ilishinda, tena kwa mbali.

Ulikuwa mswada mzuri. Majedwali safi, grafu zenye vipimo, lugha isiyojitutumua. Mwenzetu wa michoro aliusifu, jambo ambalo sikuwahi kulisikia kabla ya hapo. Majina ya waandishi yalikuwa matatu. La kwanza mwanafunzi. La pili msimamizi wake. La tatu, tulipouliza, tukaambiwa ni la mkubwa wa idara ambaye “kawaida huwekwa”. Na ndani kabisa, katika sehemu ya mbinu, palikuwa na sentensi moja: sampuli za pamba ziliandaliwa na fundi mwenyeji.

Fundi mwenyeji. Maneno mawili. Mashine iliyovuta vibao ilipewa aya nzima: imetengenezwa na kampuni gani, mfano gani, uwezo wake kilonyutoni ngapi, ilisawazishwa lini. Hata gundi ya mkebe ilitajwa kwa jina lake la dukani, ili mtu akitaka kurudia jaribio ajue anunue ipi. Lakini atakayetaka kurudia ile pamba atafute “fundi mwenyeji”, kana kwamba mkono mmoja ni sawa na mwingine. Nungwi kila mtu anajua kwamba si sawa. Kuna vyombo vilivyopigwa kalafati na mtu fulani ambavyo watu huvigombea kuvinunua, na vipo vingine ambavyo watu huuliza kwanza nani kapiga.

Swali la kwanza lililotujia lilikuwa jepesi kwa sura: jina la mtu yule liwekwe wapi? Kumbe chini yake pana swali jingine, la jina lenyewe kazi yake nini.

Ipo hadithi ambayo kila anayesoma sayansi Tanzania anaijua nusu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika sekondari ya Magamba, Lushoto. (Sisi wa visiwani tukilisikia jina hili mara ya kwanza tunajivuna, tukidhani ni mtu wa Pemba. Siye.) Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa na sukari, unayaacha yapoe, unayatia kwenye friji. Siku moja nafasi ilikuwa inagombewa, Mpemba akaweka ya kwake yangali moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, mwalimu akamjibu kwa dhihaka kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ile ya ulimwengu. Baadaye mhadhiri kutoka Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, Denis Osborne, akaenda Mkwawa kutoa mhadhara. Mpemba akasimama akauliza lile lile, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam swali likajaribiwa, na mwaka 1969 jarida la Physics Education likatoa makala yenye majina mawili. Jina la Mpemba lilikuwa mbele, na sehemu ya kwanza ya makala anasimulia yeye mwenyewe kwa sauti yake.

Tunaipenda hadithi hii kwa sababu ya haki iliyotendeka: mdogo aliuliza, mkubwa akasikiliza, na jina likakaa panapostahili. Nami naipenda. Lakini wakati wa ubishi wetu kuhusu kalafati niliisoma upya nikamwona mtu wa tatu. Osborne anasimulia kwamba chuoni alimwomba fundi wa maabara alijaribu swali lile. Fundi yule akaleta jibu kwamba kweli maji ya moto yameganda kwanza, na akaahidi kuendelea kurudia jaribio mpaka apate jibu sahihi. Hadithi inaposimuliwa, hapo watu hucheka. Yeye ndiye aliyemimina maji, akafungua friji, akayaona kwa macho kabla ya Osborne. Na kila ninapoisikia, yeye hana jina. Mpemba ana jina hadi leo, hata baada ya wataalamu wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, kuchapisha mwaka 2016 utafiti unaotilia shaka kama jambo lenyewe lipo. Fundi wa maabara amebaki kichekesho.

Hapa mtu anaweza kusema: basi kila aliyegusa kazi aandikwe, tumalize. Katika kikao chetu yupo aliyesema hivyo, tena kwa hasira nzuri. Hoja yake ilikuwa ya ujira. Jina kwenye makala ni mali, alisema. Mwanafunzi ataligeuza kuwa nafasi ya masomo ya juu, msimamizi ataligeuza kuwa cheo, na mkubwa wa idara ataongeza mstari kwenye wasifu wake bila kutoka jasho. Fundi alipewa shilingi elfu ishirini na soda. Ukigawa mali iliyochumwa na wanne kwa watu watatu, umeiba, na haijalishi kama yule wa nne analalamika au halalamiki.

Hoja nzito, na sijapata ya kuipindua yote. Lakini ina kasoro moja: ikiwa jina ni ujira, hata yule wa tatu hana kosa kubwa, kalipwa tu zaidi ya kazi yake, kama watu wengi walivyo. Mimi naona kosa lake ni baya zaidi ya hilo. Kanuni ambazo majarida mengi yamezifuata zinatoka kwa kamati ya wahariri wa majarida ya tiba iliyoanzia kikao cha Vancouver mwaka 1978, na siku hizi zina masharti manne kwa anayetaka kuitwa mwandishi. Awe amechangia kazi yenyewe. Awe ameandika au amelipitia andiko kwa kina. Awe ameridhia toleo la mwisho. La nne ndilo watu hulipita haraka: akubali kuulizwa. Jina lako likiwa pale, umesema kwamba yeyote atakayekuta hitilafu ana haki ya kukugongea mlango.

Nungwi inalijua sharti hilo bila kulisoma. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama kwenye mkondo kati ya Unguja na Pemba ikiwa imepakia kupita uwezo wake. Zaidi ya watu 200 walithibitishwa kufariki, na wengi wengine hawakuonekana tena. Walionusurika na maiti waliletwa ufukweni Nungwi. Watu wa kijiji walitoka na walichonacho, wavuvi kwa watu wa boti za wapiga mbizi. Meli ile ilikuwa na vyeti, na vyeti vina idadi ya abiria, na chini ya idadi huwa pana saini. Kwa muda mrefu swali lililokuwa likizunguka mabarazani halikuwa la kiufundi. Lilikuwa: aulizwe nani? Kila saini ilielekeza kwenye saini nyingine. Ndipo nasema kwamba jina lililowekwa na mtu asiyekusudia kujibu ni kitu cha hatari, hata likiwa kwenye jarida dogo la wanafunzi linalosomwa na watu mia. Pale ndipo tunapofunzwa kutia saini.

Nilipomuuliza mwandishi fundi wake ni nani, alinitajia jina ninalolijua tangu utotoni. Ni mjomba wangu, si wa tumbo moja na mama lakini karibu na hapo. Nikawaeleza wenzangu siku hiyo hiyo, na mlezi akanitoa kwenye kura. Sawa kabisa. Lakini akanipa kazi nyingine: nifuatane na mwandishi hadi Nungwi, tumsomee fundi makala, tusikie anasemaje. Tukapanda 116 kutoka Darajani, kilomita zipatazo 60, mwandishi amepakata ripoti yake kama mtoto.

Tulimkuta chini ya kivuli cha makuti, tezo mkononi. Shikamoo, marahaba, habari za mjini, habari za mama, kahawa. Kisha mwandishi akaanza kueleza kwa Kiswahili alichokuwa ameandika kwa Kiingereza. Alipata shida, na haikuwa kwa sababu hajui Kiswahili. Alijifunza kazi yake yote kwa lugha moja na sasa ilibidi aibebe kwa mkono mwingine. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, jambo ambalo wahakiki wetu hawalifanyi, kisha akauliza:

“Vile vibao ulivivuta vikavu?”

Mwandishi akasema ndiyo, vilikaushwa kwenye tanuri kabla, kama viwango vinavyotaka.

“Chombo kikavu hakivuji, mwanangu. Kipo ufukweni.”

Tulicheka wote, naye akacheka, lakini hakuwa anatania. Akaendelea pole pole. Mbao ikiingia majini inafura. Ikifura inaikaba pamba, na pamba iliyokabwa ndiyo kalafati. Ile uliyoivuta wewe ilikuwa bado pamba tu. Gundi ya mkebe ina nguvu, hilo halibishi, na yeye mwenyewe huitumia juu ya mstari wa maji. Lakini chini ya maji nguvu ile inaweza kuwa ndiyo ugonjwa. Mbao inataka kufura, gundi imejaza mwanya na kukaza, haimpi nafasi. Basi mbao itasukuma mwenzake, misumari italegea, au taruma litapasuka. Ndiyo maana hata pamba ukiipiga kupita kiasi unaharibu. Akauliza maji yalikuwa ya wapi. Ya bomba. Akauliza mashine ilivuta vipi. Moja kwa moja. “Bahari haivuti moja kwa moja. Inasokota.”

Mwandishi alikuwa anaandika kwa kasi. Nilikuwa nimesoma maoni ya wahakiki wawili wa mswada ule, watu wenye shahada za juu, waliojitolea muda wao bure. Mmoja alitaka sampuli ziongezwe. Mwingine alitaka makala mbili zaidi zitajwe. Maoni ya haki yote. Lakini hakuna aliyeuliza kama vibao vilikuwa vikavu.

Kisha tukamwambia kuhusu jina. Mwandishi, kwa heshima na nadhani kwa furaha, akamwambia: Mzee, tungependa jina lako liwe kati ya majina ya waandishi. Mjomba akaitua tezo.

“Kwa maneno haya haya mliyonisomea?”

Ndiyo, pengine na marekebisho.

“Basi siyataki. Mtu akisoma hapo akajenga, chombo kikaingia maji, atakuja kuniuliza mimi. Nitamjibu nini, na mie sikusema haya?”

Nimeirudia kauli hiyo mara nyingi tangu siku ile. Kati ya watu wanne waliohusika na makala, ni mmoja tu aliyeusoma mkataba wa mwandishi kama ulivyo na kukataa kutia saini asichokiamini, na ndiye ambaye fomu yetu isingempokea. Sitaki kuigeuza hiyo kuwa hadithi ya mzee mwenye busara na vijana wajinga. Mwandishi wetu si mjinga. Alifuata viwango, na viwango vina sababu zake: bila kukausha, vibao viwili havilinganishiki. Mjomba naye si nabii. Alichosema kuhusu gundi kupasua mbao ni jambo la kupimwa, sio la kuaminiwa tu kwa sababu kimesemwa na mwenye mvi. Ila hata wazo la kwamba kuna kitu cha kupimwa lilikuwa kichwani mwake na halikuwa kwetu, na hatukuwa na njia ya kulipata isipokuwa kwa kupanda daladala.

Tahadhari moja. Ni rahisi sana, baada ya kisa kama hiki, kusema mafundi wetu hawataki majina, wameridhika, kazi yao ndiyo jina lao. Nimelisikia likisemwa na watu ambao majina yao yako kila mahali. Tazama milango ya Mji Mkongwe: mwingine umechongwa mwaka juu yake, mwingine aya, na jina la aliyechonga hulioni, tukazoea kudhani hakutaka. Upande mwingine kuna Lamu. Mwaka 2018 ilishuliwa kule Flipflopi, jahazi lililojengwa kwa taka za plastiki na kuvalishwa malapa yaliyookotwa fukweni, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri mpaka Unguja. Mkuu wa mafundi alikuwa Ali Skanda, na karibu kila habari iliyotoka ilimtaja. Haikumdhuru. Waliopanga mradi waliamua tangu mwanzo kwamba fundi ni mtu wa kuhojiwa, basi akahojiwa, na jina likafuata lenyewe. Mjomba hakulikataa jina. Alikataa jina bila kuulizwa kwanza.

Turudi kikaoni. Nilipeleka maneno ya mjomba kwa maandishi. Yule wa hoja ya ujira akasema sasa tumpe nafasi ya mhakiki. Wazo zuri, tukaenda kumsajili kwenye mfumo, na mfumo ukauliza kiwango cha elimu. Orodha inaanzia shahada ya kwanza. Hakuna “nyingine”. Wa marejeleo akaleta pingamizi la maana zaidi: mhakiki kwetu hajulikani na mwandishi wala hamjui, na hawa wawili walishakunywa kahawa pamoja. Wa michoro akasema kutojuana kuliwekwa ili kulinda ukweli, na hapa ukweli umepatikana kwa kujuana, kwa hiyo tunalinda nini? Tulibishana mpaka mlinzi wa maktaba akaja kuzima taa. Mimi sikuwa na kura, nikawa mtazamaji wa marafiki zangu wakijitahidi kuwa waadilifu. Si tamasha baya.

Mwisho mlezi akapendekeza njia ya katikati: makala irudishwe kwa mwandishi, na hoja za fundi ziambatishwe kama maoni ya tatu ya uhakiki, kwa idhini yake, kwa jina lake. Mimi nizitafsiri. Hapo ndipo nililielewa lile la jarida lenye jina la Kiswahili na kurasa za Kiingereza. Niliandika kwa Kiingereza kwamba mbao hupanuka ikilowa. Kisha, kabla ya kutuma, nikampigia mjomba simu nikamsomea kwa Kiswahili kile nilichoandika. Akanisimamisha. “Haipanuki kama mkate. Nimekwambia inafura. Inafura kwa ubavu. Urefu wake unabaki.” Nikaenda kutazama kitabu cha sayansi ya mbao. Ni kweli: mbao huongezeka kukata nyuzi zake, na kwa urefu wa nyuzi karibu haiongezeki kabisa. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya kalafati ifanye kazi, na tafsiri yangu ilikuwa imeipoteza. Alikuwa amelisema mara ya kwanza, ndani ya neno lenyewe.

Tuliwaomba pia waandishi wote watatu waandike kila mmoja alifanya nini, kama ule utaratibu wa majukumu 14 ambao majarida makubwa yanautumia siku hizi. Mwanafunzi aliandika mistari sita. Msimamizi mitatu, ya kweli. Jina la tatu likarudi na neno moja: ushauri. Hatukuweza kuthibitisha wala kukanusha, na wanafunzi watano hawamwandikii mkubwa wa idara barua ya kumuuliza ushauri gani. Lipo bado.

Makala haijatoka. Mwandishi ameamua kurudia jaribio, ingawa alishahitimu na hakuna anayemdai. Mara mbili ameteremka Nungwi na kurudi na madumu ya maji ya bahari kwenye daladala, na kondakta amemtoza nauli ya mzigo. Vibao viko kwenye ndoo, vya pamba upande mmoja, vya gundi upande mwingine, safari hii vyote vikiwa vimepigwa na mjomba, na katika sehemu ya mbinu ameandikwa kwa jina, kijiji na miaka ya kazi, kama mashine. Mjomba ametoa sharti moja: matokeo, yawe vyovyote, asomewe kwa Kiswahili kabla hayajachapishwa, ndipo aseme kama jina lake liingie juu au libaki ndani.

Wiki iliyopita kibao kimoja cha gundi kilipasuka ubavuni. Cha pili yake, gundi ile ile, hakina hata ufa. Mwandishi kaniletea picha, akauliza kama hiyo ni data au bahati mbaya. Nimemwambia aanze kwa kumpigia simu mjomba.